Kaseti Mbili na Shamba la Mizabibu

Simu ililia mume wangu akiwa chini kwenye maegesho, anafunga mizigo juu ya paa la gari. Laiti angekuwa ndani. Laiti mimi ndiye ningeshuka na lile hema la kulalia njiani, yeye akabaki juu kuzima taa. Nimeirudia asubuhi ile kichwani hadi nimeichosha, na bado sipati namna ya kuibadilisha.

Aliyepiga alikuwa mzee mmoja wa Skärholmen, kitongoji cha Stockholm. Sisi sote tuliotoka Uganda, au tulioolewa na watu wa huko kama mimi, tulimwita Mzee tu. Mgeni akifika Stockholm hajui hata kushuka kwenye treni, anapelekwa kwake kwanza. Mtoto akizaliwa, mtu akifa, habari inapita kwenye simu yake kabla haijamfikia mwenyewe. Ndivyo tulivyoishi, na sikuwahi kuona ubaya wake hadi siku hiyo.

"Yupo karibu?" akaniuliza. Hata salamu hakumaliza.

"Yuko chini, Mzee. Ndiyo tunaondoka kwenda Ufaransa."

"Basi sikiliza, na usipige kelele. Mama yake ametutoka. Jana jioni. Wamenipigia sasa hivi kutoka Kampala."

Nikakaa sakafuni pale pale kwenye korido ya nyumba yetu ya Hjulsta, kati ya viatu vya mvua na kikapu cha chakula cha njiani. Dirishani nilimsikia mume wangu akipiga mluzi. Alikuwa anapiga mluzi, jamani.

"Usimwambie," Mzee akasema. "Anaendesha gari siku tatu. Utampa mtu msiba akiwa ameshika usukani? Mtakufa wote wawili."

"Basi tusiende."

"Mkibaki atafanya nini? Wanamzika kesho. Hawezi kufika. Hata wangengoja mwezi mzima hawezi kufika, ile karatasi ya ukimbizi aliyopewa na Waswidi inampeleka kila mahali isipokuwa kwao. Atakaa hapo anatazama ukuta. Mwache apumzike, mama. Mkirudi tutakuja wote, tumwambie kama watu."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilimwelewa vizuri kabisa. Kwetu Nakuru ni hivyo hivyo. Baba yangu alipofariki, mimi nikiwa shule ya bweni, niliambiwa tu njoo nyumbani, mzee amezidiwa kidogo. Nikafika nikakuta viti vimepangwa uani na shangazi zangu watatu wamesimama mlangoni tayari kunidaka. Nilianguka, wakanidaka. Hakuna aliyeniambia nikiwa peke yangu barabarani, na nilikuwa nimewashukuru kwa hilo maisha yangu yote.

Kwa hiyo nikasema, "Sawa, Mzee." Nikanawa uso, nikabeba kikapu, nikafunga mlango.

Mume wangu alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka tisa. Alivuka mpaka kwa miguu usiku mmoja akiwa na shati alilovaa, akaja Nairobi, tukakutana huko, na mambo ya Nairobi yalipokuwa magumu tukaishia Sweden. Yeye alifanya kazi gereji ya mabasi, mimi nilikuwa nikiwaogesha wazee katika nyumba ya wazee Farsta. Kati yetu tuliongea Kiswahili, kwa sababu lugha ya kwao si ya kwetu. Yeye aliniita nyabo, kama wanavyomwita mwanamke kwao kwa heshima, mimi nikamwita sebo, ambayo ni ya mwanaume. Ilianza kama utani, ikawa ndiyo majina yetu. Hata tukigombana ilikuwa "sikiliza nyabo" na "hebu niache sebo."

Mama yake alikuwa mkulima wa migomba, hakujua kusoma. Barua zilifunguliwa njiani na watu wa serikali, simu ilikuwa mbali. Kwa hiyo walitumiana kaseti. Mtu akisafiri, kaseti inawekwa ndani ya soksi, inapita. Ya mwisho ilitufikia mwezi wa tano, dakika arobaini na tano za upande mmoja, na aliisikiliza mpaka nami nikaijua kwa moyo ingawa Kiganda nilikuwa nakielewa nusu nusu. Mama anasalimia, salamu zao ndefu zile, anaacha nafasi ili ajibiwe. Anauliza kama huko kuna ndizi. Anamfukuza mbuzi katikati ya sentensi. Mvua inaanza kupiga mabati, naye anapandisha sauti. Halafu mwishoni kabisa, baada ya kuaga, anamwuliza mtu aliye naye pale: "Hiki kitu bado kinanisikia?" Kisha inakatika.

Mpango wetu ulikuwa Desemba. Watu wa kanisani kwao wangemvusha mama mpaka Nairobi kwa basi, kama mgonjwa anayekwenda hospitali, na sisi tungeshuka kutoka huku tukakutana naye kwa dada yangu. Mume wangu alikuwa anaweka akiba ya siku zake za likizo kwa ajili hiyo. Hakutaka kwenda popote kiangazi kile.

Na Ufaransa? Ufaransa ilikuwa kelele zangu. Kila Julai, Farsta, wenzangu kazini wananiuliza nakwenda wapi, na kila Julai najibu kwamba nabaki nyumbani, wananitazama kwa huruma utadhani nimesema nina saratani. Nilichoka. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkongomani, alikuwa na dada yake aliyeolewa na mkulima wa zabibu huko Ufaransa, na walikuwa na chumba cha wageni. Nikamkalia mume wangu kooni majira yote ya kuchipua. Wiki mbili tu, sebo. Zitabaki nyingi za Desemba, sebo. Mwisho akasema haya, twende, unyamaze.

Basi nikanyamaza. Nilinyamaza kweli kweli.

Hatukufika hata Södertälje kabla hajaiweka ile kaseti kwenye redio ya gari.

"Tusafiri na mama," akasema, akaniangalia akitabasamu.

Siku tatu. Sweden ya kusini, feri, Ujerumani yote, na mama anasalimia na kuacha nafasi ili ajibiwe. Mume wangu alikuwa anajibu. Alijibu kwa sauti, kule barabarani, malori yakitupita, anaitikia mle mle kwenye nafasi aliyoachiwa, na mama anaendelea kana kwamba amesikia. Siku ya pili, saa za mchana, nilijua sasa wanateremsha jeneza. Nilikuwa namenya yai la kuchemsha. Nikampa mume wangu lile yai kipande kipande kwa sababu alikuwa anaendesha, na mama akamfukuza mbuzi, na mume wangu akacheka mahali pale pale anapochekaga siku zote. Nikageuka nikatazama nje mpaka shingo ikaniuma.

"Una nini, nyabo?"

"Gari linanichafua roho."

Akapunguza mwendo kwa ajili yangu. Mungu wangu. Akapunguza mwendo, akanifungulia dirisha.

Shamba lilikuwa kwenye mteremko juu ya kijiji kidogo, nyumba ya mawe yenye madirisha ya mbao ya rangi ya kijani iliyobabuka. Dada wa jirani yetu alitupokea uani akiwa amevaa aproni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. "Karibuni! Muko wazima? Kiswahili kilikuwa kinaoza humu mudomoni mwangu!" Mumewe, Mfaransa mwembamba mwenye masharubu, alitushika mikono akasema maneno mengi ambayo mkewe aliyafupisha kuwa "anasema mukule."

Nilitegemea kuona zabibu nyeusi zinaninginia kama kwenye picha. Kumbe Julai bado ni ngumu na kijani, ndogo kama njegere. Majani yalikuwa na madoa ya dawa ya samawati. Mistari na mistari ya mizabibu iliyofungwa kwenye nyaya, jua kali, panzi wanapiga kelele kutwa. Chini ya nyumba kulikuwa na ghala la mvinyo, baridi na giza, ambako mwenye shamba alitupeleka siku ya kwanza kuonja. Mume wangu alionja, akakunja uso, akasema kwa heshima zote kwamba ni nzuri. Kisha tukainua glasi, na mwenye shamba akauliza tunakunywa kwa afya ya nani.

"Ya mama yangu," mume wangu akasema.

Tukanywa. Mimi ambaye sikuwa nimezoea nilimaliza glasi nzima kwa mkupuo mmoja, dada yule akapiga makofi.

Kuanzia siku ya pili mume wangu hakukaa tena kitini. Huyo ndiye mtu aliyepaswa kupumzishwa! Alfajiri alikuwa ameshatoka na mwenye shamba kukata machipukizi na kufunga matawi kwenye nyaya. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini mikono ilielewana. Akirudi kula, kofia imelowa jasho, alikuwa ananieleza kwamba ni kama migomba tu, unaondoa ili kibaki kinachofaa, mama yake angekuja hapa angewafundisha. Miaka yote Stockholm sikuwahi kumwona hivyo. Alikuwa na furaha. Nilikaa kivulini, kitabu kimefunguliwa ukurasa mmoja, nikamtazama akiwa na furaha, nikawa na hofu juu yake kama mtu anayetazama mtoto akicheza karibu na moto.

Kila asubuhi nilijiambia leo. Nikishaamka leo. Akishakula leo. Kisha namwona ameshika mkasi wa kukatia anacheka na yule Mfaransa, na nasikia sauti ya Mzee: hawezi kufika. Nikawa najipa sababu. Nimharibie siku hizi chache za nini? Mama amekwisha zikwa. Lakini kuna sababu nyingine nilikuwa siisemi hata kimoyomoyo. Kila siku iliyopita ilikuwa inaongeza kosa. Siku ya kwanza ningekuwa nimemwambia tu kwamba mama amefariki. Siku ya tano ningekuwa namwambia pia kwamba nimemtazama siku tano.

Dada yule alitupeleka matembezini. Tulikwenda mto fulani wenye kokoto nyeupe, watu wanaoga. Tulikwenda mji wa jirani siku ya soko. Pale mume wangu alisimama mbele ya mwuza vitambaa kwa nusu saa nzima, mtu ambaye Stockholm hata soksi namnunulia mimi. Akachagua kitambaa cha zambarau kilichokolea, kinang'aa kidogo.

"Cha gomesi," akasema, lile gauni refu la wanawake wa kwao. "Mita sita. Zinatosha, nyabo? Mama amenenepa au amekonda?"

"Sijui, sebo. Mimi sijawahi kumwona."

"Utamwona Desemba." Akanirushia ncha ya kitambaa begani anipime, yule mwuza vitambaa akacheka, na mimi nikasimama pale sokoni nimevalishwa nguo ya marehemu. Sikulia. Najisifu nini, lakini sikulia.

Siku nyingine alitupeleka kanisa la kale juu ya kilima. Ndani kulikuwa na bibi mmoja anayetunza mishumaa. Sisi kwetu kanisani hatuwashi mishumaa ya watu, lakini mume wangu akasema ngoja niwashe mmoja kwa ajili ya ile safari ya Desemba, Mungu hawezi kukasirika. Bibi akamwuliza kitu.

"Anauliza, ni ya muzima ao ya marehemu?" dada akatafsiri. "Mahali pa kuweka si pamoja."

"Ya mzima!" mume wangu akasema. "Mwambie mzima kabisa, ana nguvu kuliko mimi."

Bibi akamwonyesha upande wa wazima. Nilitoka nje kabla hajauwasha. Nilikwenda nyuma ya kanisa, nikashika ukuta, nikatapika, na dada wa Kikongo akanikuta hapo.

Alidhani nina mimba. Uso wake ulifunguka kwa furaha, akaanza kunikumbatia, na ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote, simu, Mzee, kaseti, yai. Alinisikiliza huku furaha inamtoka usoni polepole.

"Siku ngapi sasa?"

"Kumi."

"Kumi! Weye!" Akanishika mabega, akanitikisa. "Hata kwetu tunafichaka. Tunafichaka siku moja, mbili, mutu afike kwa ndugu. Lakini hapa ndugu ni nani? Ni weye. Ulikuwa naye mu gari. Ulikuwa naye ku meza. Munangoja ndugu gani?"

Hakuna siku nimejiona mjinga kama ile. Tulikuwa tumebeba desturi ya watu kutoka mahali penye watu, tukaileta mahali ambapo watu ni mimi peke yangu.

"Umuambie leo," akasema. "Leo hii. Mama ni ya yeye. Si ya ule muzee wenu."

Nikaapa. Haki ya Mungu niliapa, mbele ya ukuta wa kanisa.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, mume wangu alichukua redio kaseti yetu akaniambia twende juu ya shamba, anataka kumrekodia mama majibu. Alikuwa na kaseti mpya, ameshaifungua. Nikasema vizuri, huko juu tutakuwa wawili tu, huko ndiko nitakakomwambia. Njiani nilikuwa napanga maneno. Sebo, kaa chini. Sebo, kuna jambo. Tulifika mwisho wa mistari, mahali unapoona kijiji chote na mto. Akanipa redio niishike kifuani, akanionyesha vitufe viwili vya kubonyeza kwa pamoja.

"Sebo," nikasema.

"Ngoja, kengele ya kanisa itapiga sasa hivi, nataka aisikie."

Na kweli kengele ikapiga. Akanifanyia ishara, nikabonyeza.

Aliongea muda mrefu. Alimsalimia, akaacha nafasi. Akamwambia kwamba yuko kwenye mteremko kama ule wa kwa mjomba, na migomba ya wazungu wanaifunga kwa nyaya. Akang'oa jani akalisugua karibu na redio ili mama alisikie. "Uliuliza kama hiki kitu bado kinakusikia," akasema. "Kinakusikia, mama. Nami nakusikia. Nilikuja nawe njia nzima." Machozi yalikuwa yananitiririka, naye akaona, akadhani nimeguswa, akanifuta kwa kiganja chenye harufu ya majani huku anaendelea kuongea. Halafu akasema, na hili nilielewa lote, "Yuko hapa mke wangu, anataka kukusalimu."

Akanisukumia mkono. Haya, nyabo. Msalimie mama.

Ningeweza kubonyeza kile kitufe cha kuzimia, vile viwili vikaruka, kukawa kimya, nikasema. Sekunde moja tu ilitosha. Nilikuwa na redio mikononi mwangu.

Nikamsalimia. Nikamsalimia marehemu kwa Kiganda changu kibovu, nikaacha nafasi kama anavyofanya yeye, mume wangu akatingisha kichwa kwa kuridhika. Akaninong'oneza, mwambie Desemba. Nikasema, "Tutaonana Desemba, mama."

Ndipo nikabonyeza. Nikajua basi, nimemaliza. Baada ya hapo hakuna saa ningeweza kumwambia.

Dada wa Kikongo alinisubiri uani. Aliniangalia mara moja tu, akarudi jikoni. Siku zilizobaki alikuwa ananiongelesha mambo ya chumvi na sahani tu. Siku ya kuondoka mumewe alitupa kreti ya chupa sita za mvinyo, na yeye akamkumbatia mume wangu kwa muda mrefu sana, hadi mume wangu akaona haya kidogo.

Tulifika Hjulsta Jumapili mchana. Nilikuwa nimempigia Mzee kutoka bandarini kumwambia saa. Ufunguo alikuwa nao jirani. Mume wangu alipanda ngazi mbele yangu na kreti ya mvinyo, akasukuma mlango, akaona viatu. Korido nzima ilikuwa viatu, vya wanaume, vya wanawake, hadi vya watoto.

"Loo!" akasema. "Mmetuandalia sherehe?"

Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanawake wamejifunga vitambaa vichwani. Mzee akasimama. Mume wangu akamtazama, akawatazama wanawake, na nikaona kabisa wakati alipoelewa. Kilio kikaanza. Watu wakanyanyuka kumshika, walikuwa wengi, walikuwa wamejipanga vizuri sana. Yeye hakuanguka. Aliinama akaweka kreti chini taratibu ili chupa zisigongane.

"Lini?"

"Wiki mbili zilizopita," Mzee akasema. "Usiku wa kuamkia safari yenu. Tulionelea, mwanangu..."

Hakumngoja amalize. Alinigeukia mimi, mimi niliyekuwa bado mlangoni na kitambaa cha zambarau kwapani.

"Ulimwambia mtaonana Desemba," akasema.

Hakupandisha sauti. Katika kelele zote zile ni mimi tu niliyesikia.

Hakuniacha. Watu walidhani ataniacha, na nadhani mimi ningependelea hivyo. Alikwenda kazini, alirudi, alikula nilichopika. Lakini nyabo iliisha siku ile ile. Nikawa "wewe." Wewe, chai ipo? Wewe, simu yako. Na kila simu ilipolia alikuwa anakimbia kuipokea yeye, hata akiwa na sabuni mwilini. Kaseti aliyorekodi mlimani aliiacha kwenye kijidroo cha gari, na gari tulipoliuza mwezi wa kumi na moja sikuthubutu kumkumbusha. Desemba tulikaa Hjulsta.

Februari nilikuwa natoka Farsta, zamu ya asubuhi. Nilibadilisha treni mjini, nikafika mwisho wa reli, nikatembea kwenye theluji mpaka nyumbani. Alinifungulia kabla sijatoa ufunguo. Nikaangalia chini, tabia niliyokuwa nimeipata. Korido ilikuwa na viatu vyake tu.

"Mama yako amefariki," akasema. "Leo saa tatu. Dada yako amepiga nusu saa iliyopita, bado sijakaa chini."

Hivyo tu. Nikiwa na koti, nikiwa na mfuko wa maziwa mkononi. Nilitafuta mtu wa kunidaka, hakukuwa na shangazi hata mmoja, nikaanguka juu ya viatu. Nililia mpaka theluji ya kwenye buti zangu ikawa dimbwi. Nilimchukia. Nilimchukia kwa kuniambia hivyo, na nikajua papo hapo kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa akitaka kuambiwa, asubuhi ile, kwenye maegesho, kamba za mizigo mkononi.

Alifunga mlango. Kisha akapiga magoti, akaanza kunifungua kamba za buti, moja, halafu ya pili, bila kunitazama usoni. Kwenye karatasi kando ya simu niliona ameshaandika saa za ndege.

"Mazishi ni Jumamosi," akasema. "Utafika."